Mvua Isiyolowesha Rughenda

Askari walipokuja kumkamata Siméon walimchukua mtu, wakaacha daftari. Hilo lilikuwa kosa lao, na Kaswera hakuona sababu ya kuwasahihisha. Kesho yake asubuhi alipanda hadi uwanja wa ndege wa Rughenda, akaandika hati ya kukamata vielelezo mbele ya mashahidi wawili, akashuka na daftari mbili za phonie, ile redio ya kuongea na ndege, akazifungia kabatini katika ofisi ya mashtaka ya Butembo. Alikuwa inspekta wa upelelezi, mama wa miaka arobaini na sita, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba watu wenye bunduki hawapendi kusoma.

Sasa ilikuwa Jumatatu, tarehe ishirini Agosti 2001, na Siméon alikuwa amebakiwa na siku nne. Ijumaa angesimama mbele ya mwendesha mashtaka wa kijeshi kule Beni, na kesi za pale kila mtu alizijua zinavyokwenda. Asubuhi unasomewa shtaka, na mchana familia inaitwa kuchukua nguo zako.

Shtaka lilikuwa hivi. Jumatatu ya tarehe kumi na tatu, Siméon, opereta wa redio pale Rughenda, aliiambia ndege ya Aéro-Mitumba isije kwa sababu ya mvua. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna hata wingu. Abiria wakakwama. Jumanne alfajiri wakakodi lori kwenda Beni, na kwenye kona za Kabasha watu wenye silaha wakawasubiri. Saba walikufa. Shahidi mkuu alikuwa Ézéchias, mkuu wa kituo cha kampuni hiyo kwenye uwanja wa Mavivi, Beni, mahali ndege inapolala. Yeye aliapa kwamba Siméon alidanganya mvua makusudi ili watu waangukie mikononi mwa wanyang'anyi. (Aéro-Mitumba ilichukua jina lake kwenye milima. Abiria, wakiiangalia ile ndege, walisema imelichukua sokoni.)

“Mama Kaswera,” alisema Kitsa, mkubwa wake, akisimama mlangoni bila kuingia, “ile dossier ni ya basoda, ya jeshi. Unatafuta nini mule?”

“Natafuta siku, chef.”

“Siku gani?”

“Zote.”

Kitsa alikuna shingo. Hakumkataza, na kwa mtu mwoga kama yeye huo ulikuwa msaada mkubwa.

Kwenye benchi la korido alikaa Gracieuse, mke wa Siméon, kama alivyokaa kila siku tangu mumewe achukuliwe. Kaswera alimpitia, akasimama.

“Bwana yako alikuambia nini juu ya ile mvula?”

“Hapana kitu, Mama. Kazi yake hapana letaka nyumbani.” Gracieuse alinyanyua uso. “Mais bwana yangu hapana semaka bongo, hapana danganyaka. Hata nikipika mubaya, anasema ni mubaya.”

Kaswera alimpenda papo hapo, na jambo hilo lilimkera, kwa sababu kumpenda mke wa mshtakiwa hakumsaidii mtu yeyote.

Alirudi ndani, akafungua daftari. Kila siku isipokuwa Jumapili ndege ilitakiwa kutoka Beni kuja Butembo na kurudi, kisha kwenda Bunia. Kila ilipofutwa safari ya Butembo, opereta aliandika tarehe, saa na sababu. Mvua. Mafuta. Ubovu. Usalama. Kurasa zilikuwa mia na kitu, na ukizisoma moja moja hazikwambii kitu. Kila ukurasa unalalamika habari ya siku yake tu. Alitaka kuziona siku zote kwa mtazamo mmoja.

Kuchora kwenye karatasi hakukuwezekana. Kati ya Butembo na Beni kulikuwa na vizuizi vinne vya askari, na karatasi yoyote yenye habari za ndege iliitwa ramani ya adui. Mwezi uliopita karani mmoja alikamatwa na orodha ya saa za kutua, na hadi leo mkewe anaulizia. Kwa hiyo Kaswera alituma kununua kitambaa cha pamba cheupe na nyuzi za rangi. Ujana wake aliupitisha kwa masista, kwenye darasa la kushona msalaba-msalaba, ambapo kila tundu la kitambaa ni mraba wake na kosa la mraba mmoja linaonekana kutoka mlangoni. Kitambaa cha meza hakuna askari anayekiogopa.

Alikigawa hivi: kila mstari wiki moja, kila mstari miraba sita, Jumatatu hadi Jumamosi. Mistari thelathini na mitatu, kuanzia Januari. Siku ambayo ndege ilikuja aliiacha nyeupe. Siku iliyofutwa kwa mvua, bluu. Kwa mafuta, kijani. Kwa ubovu wa ndege, manjano. Kwa vita, nyeusi. Alishona Jumatatu nzima, na makarani waliopita walidhani mama mkubwa anamwandalia binti yake harusi. Jioni alihesabu miraba sitini na miwili: bluu thelathini na nne, kijani kumi na mbili, manjano tisa, nyeusi saba.

Akakitandika juu ya meza, akarudi nyuma hatua tatu. Bluu ilikuwa imejaa Machi na Aprili, sawa kabisa, miezi hiyo mvua hunyesha hadi watu wanasahau rangi ya vumbi. Lakini bluu iliendelea Juni, ikaendelea Julai. Huo ni wakati ambao akina mama wa Musienene huanika maharage siku nzima bila kuangalia juu.

Basi kesho yake alikwenda Musienene.

*

Florentine alikuwa na miaka sabini na kipimo cha mvua. Kituo cha kilimo kilimpa kile kipimo mwaka 1974, pamoja na daftari na penseli, na akaambiwa aandike kila asubuhi saa moja. Wakubwa wa kituo walikimbia, kituo kikaporwa hadi misumari, lakini Florentine hakuna mtu aliyekuja kumwambia aache. Daftari zake zilifika kumi na nne, zimepangwa chini ya kitanda ndani ya mfuko wa nailoni.

Walikaa kwenye mkeka nje, Kaswera akitaja tarehe za miraba ya bluu, Florentine akifuata kwa kidole.

“Tarehe saba, mwezi ya ine.”

“Ishirini na mbili millimètres. Ile siku mbuzi yangu ilikufa.”

“Tarehe kumi na tisa, mwezi ya sita.”

“Zéro.”

“Tarehe tano, mwezi ya saba.”

“Zéro.”

“Tarehe kumi na tatu, mwezi hii.”

“Zéro, Mama. Na zéro mbele, na zéro nyuma.”

“Rughenda ni mbali kidogo. Mvula inaweza kunyesha kule, na hapa hapana?”

“Ya mwezi ya ine, ndiyo. Ya mwezi ya saba, hapana. Nani atailetaka?”

Walipomaliza, siku ishirini za bluu zilikuwa na mvua ya kweli, na kumi na nne zilikuwa kavu. Kaswera aliandika namba hizo kiganjani, akavua miwani. Providence, jirani yake wa mtaa wa Vulamba anayeuza maharage, alikuwa amemwambia jana yake jambo hilohilo kuhusu tarehe kumi na tatu, kwamba alianika magunia mawili bila wasiwasi. Sasa alikuwa na mashahidi wawili wasiojuana, na wote walikuwa wanamnyonga Siméon.

Florentine aliweka kidole juu ya tarehe kumi na tatu.

“Mutu atakufa juu ya hii zéro?”

“Anaweza.”

“Kalamu iko hapa. Ukitaka mvula, naandika mvula.”

“Hapana, Koko, bibi yangu. Ukiandika moja ya bongo, zote zitakuwa za bongo.”

Mzee alifunga daftari taratibu. Ilikuwa wazi kwamba ameridhika, na kwamba mvua angeiandika kweli kama angeombwa.

Kaswera alirudi Butembo kwenye pikipiki ya kukodi, akafumua ile miraba kumi na minne, akaishona upya kwa bluu iliyopauka. Kisha akafanya kitu ambacho waliomkamata Siméon wangekifanya kama wangeichukua daftari: akaangalia kila siku kavu ilikuwa zamu ya nani. Tisa zilikuwa za Siméon. Tano zilikuwa za mwenzake, Élisée.

Mtu mmoja akidanganya ni mwongo. Wawili wakidanganya kwa neno lilelile, kwa miezi minane, bila kugongana, hao wanafanya kazi.

*

Chumba cha redio cha Rughenda kilikuwa na meza, betri ya gari, kiti kimoja na dirisha. Élisée, mwanamume wa miaka arobaini mwenye upara unaong'aa, alimpa Kaswera kile kiti, yeye akabaki wima. Jumatano hiyo mbingu ilikuwa safi hadi kwenye vilele.

“Élisée, mwezi ya saba kulikuwa mvula?”

“Kama tuliandika, basi ilinyesha, Mama.”

“Kwa Musienene, zéro.”

“Musienene ni Musienene.”

Alijibu haraka na vizuri, mtu aliyekwisha kujifunza majibu. Kaswera alitaka kumbana zaidi, lakini redio ikakohoa, na sauti ya rubani ikajaza chumba: “Rughenda, Rughenda, niko tayari kutoka Mavivi. Mvula iko?”

Élisée aligeuka dirishani, akatazama, akabonyeza kitufe.

“Hapana mvula. Unaweza kuya.”

Kaswera hakusogea. Ukimuuliza mtu yeyote habari ya mvua, awe mkulima, awe padri, atatazama juu. Élisée alitazama chini. Alitazama barabara inayopanda kutoka mjini, akaifuata kwa macho hadi kona ya mwisho, ndipo akajibu.

“Funga ile mulango,” alisema Kaswera.

“Mama, iko joto.”

“Funga. Sasa niambie, mvula inapandaka na véhicule kwa barabara?”

Jasho lilitoka kwenye upara wa Élisée bila kusubiri. Alikaa juu ya betri.

“Nani alikuambia?”

“Weye. Uliangalia barabara.”

Ikatoka vipande vipande. Tangu mwaka jana askari walikuwa wakipanda na lori hadi uwanjani, wanashusha abiria kwa kitako cha bunduki, wanaichukua ndege kwa kazi zao siku tatu, siku nne. Inarudi na matundu. Mara moja ilirudi na damu ndani, na mama mwenye mimba aliyetakiwa kupelekwa kujifungua alikuwa amefia kwenye nyasi za uwanja akiisubiri. Ndipo Siméon akamwambia rubani: mimi nikiona lori linapanda, nitakwambia mvua inanyesha, wewe ubaki kwako.

“Na ile tarehe kumi na tatu?”

“Camion mbili zilipanda. Siméon alisema mvula kubwa.” Élisée alishika mikono yake. “Mama, wakijua ile neno, watatuua shiye bawili. Hapana kuisema.”

“Jina yako halitatoka kwa kinywa yangu.”

“Na neno?”

Kaswera aligeukia redio, kwa sababu hakupenda kuahidi kitu ambacho hana hakika nacho.

“Kitu ingine. Rubani akienda Bunia, munasikia?”

“Tunasikia vyote. Phonie ni moja. Akisema ‘natoka Mavivi, naenda Bunia’, tunaandika pembeni. Ni kawaida.”

“Pembeni wapi?”

“Pembeni, kwa kalamu ya risasi. Hakuna mutu anaisomaka.”

*

Aliisoma Kaswera, mchana ule ule, akiinamisha ukurasa ili penseli ishike mwanga wa dirisha. Kwa kila siku ambayo safari ya Butembo ilifutwa na ndege ikaruka kwenda Bunia, alishona mshono mmoja wa kahawia chini ya mraba. Kisha akatoa kabatini kwake majalada matano ya mashambulizi ya Kabasha, ambayo yeye mwenyewe aliyaandika, akafunga fundo jekundu kwenye tarehe ya kila moja.

Alifunga fundo la tano, akaweka sindano chini.

Kwenye bluu hapakuwa na fundo hata moja. Si kwenye bluu ya kweli, si kwenye bluu iliyopauka. Mafundo yote matano yalikaa juu ya kijani.

Alikasirika, kwanza na nafsi yake. Siku tatu alikuwa ameufuata uongo wa mvua kwa sababu uongo huvuta macho, na sababu iliyoonekana ya kweli alikuwa ameipita bila kupiga hodi. Akaanza kupanga saa. Mvua ilitangazwa asubuhi, dakika chache kabla ya ndege kuruka. Abiria wakishasikia, wengine wanarudi nyumbani, wengine wanatafuta gari hadi saa saba, hakuna jambazi anayeweza kujua ni gari gani na saa ngapi. Mafuta yalitangazwa jioni, saa kumi na moja, kutoka Beni: kesho hakuna. Abiria wanakodi lori usiku huo, wanaondoka alfajiri, wote pamoja. Anayetangaza jioni anawapa watu wa Kabasha usiku mzima wa kujipanga.

Na mshono wa kahawia ulimalizia. Chini ya manjano hakukuwa na kahawia, kwa sababu ndege mbovu ni mbovu kwa wote. Chini ya nyeusi hakukuwa na kitu. Chini ya kijani, kumi na mbili kwa kumi na mbili, kahawia. Kila siku ambayo mafuta hayakutosha kuja Butembo, robo saa hewani, yalitosha kwenda Bunia, ambako ni mbali zaidi.

Mtangazaji wa mafuta alikuwa Ézéchias.

Alikikunja kitambaa, akamwambia Gracieuse kwenye benchi, “Kesho tunaenda Beni. Beba nguo ya kubadili.”

*

Kwenye kizuizi cha tatu askari kijana mwenye redio ya kaseti begani alimwaga mfuko wa Kaswera kwenye boneti ya gari.

“Mama, oyo nini?”

“Kitambaa ya meza. Ya zawadi.”

Askari alikifungua chote, akakishika kwa mikono miwili mbele ya jua. Gracieuse, nyuma ya Kaswera, alianza kuokota vitu vilivyomwagwa.

“Ezali kitoko,” alisema askari, akikisifu kwa Lingala. “Mais hapa ulikosea. Rangi hazifuatane. Hapa unatia bluu, hapa nyeupe, hapa tena bluu ya kufa.”

“Macho ya uzee, mwana wangu.”

“Bibi yangu anashonaka muzuri kupita weye.”

“Mungu amubariki,” alisema Kaswera, na akakikunja mwenyewe, polepole, pembe kwa pembe.

*

Kapteni Stanislas, mwendesha mashtaka wa kijeshi, alikuwa na mafua. Ijumaa saa mbili na nusu alikuwa amekwisha kujaza kitambaa cha mkono, na alitaka kumaliza. Siméon alisimama kati ya askari wawili, shati lake halina vifungo, jicho moja limefura. Ézéchias alikaa kwenye kiti cha mashahidi, viatu vimeng'arishwa, faili mapajani.

“Mama Inspecteur, unasema unaleta vielelezo. Naona nappe, kitambaa ya meza.”

“Ni nappe, mon capitaine. Daftari ziko Butembo, zimefungwa kwa muhuri. Tuma batu yako, watakuta kila mushono una ukurasa yake.”

Alikitandika juu ya meza, juu ya karatasi za kapteni mwenyewe, akaeleza rangi moja moja. Kapteni aliacha kupenga kamasi. Alikuwa mtu wa hesabu, ilionekana, maana kidole chake kilitangulia maelezo: kikaenda kwenye fundo la kwanza, la pili, la tatu, bila kuonyeshwa.

“Yote kwa kijani,” alisema.

“Yote. Naomba kuuliza shahidi.”

“Uliza.”

“Papa Ézéchias, tarehe kumi na tatu, saa kumi na moja ya mangaribi, ulisema nini kwa phonie?”

“Kwamba kesho avion hapana kuenda Butembo. Mafuta ilikwisha.”

“Ilikwisha yote?”

“Yote. Fûts, yale mapipa, zilikuwa vide, hapana hata tone.”

“Na tarehe kumi na ine, avion ilitoka Mavivi saa ine asubuhi, ikaenda Bunia. Ilienda na nini?”

Ézéchias alifungua faili, akaifunga.

“Ilikuwa na réserve.”

“Ya fûts ngapi?”

“Mbili.”

“Kuenda Butembo na kurudi, inakula fûts ngapi?”

“Inategemea upepo.”

“Jibu mama,” alisema kapteni.

“Nusu.”

“Basi ulikuwa na fûts mbili, na ulikataa nusu. Tarehe mbili mwezi ya tano, réserve ilikuwa ngapi? Tarehe kumi na sita mwezi ya sita? Ni mara kumi na mbili, Papa. Naweza kutaja zote.”

Ézéchias hakumwangalia tena. Alimgeukia kapteni, na sauti yake ikapata nguvu, kwa maana alikuwa amekumbuka silaha aliyokuja nayo.

“Mon capitaine, hii yote inatoka kwa daftari ya nani? Ya batu ya Rughenda. Mutu anadanganya mvula, mchana, jua iko kwa kichwa, sasa munaamini daftari yake juu ya avion? Muulize mvula yake.”

Kapteni alishusha kidole kwenye mraba wa tarehe kumi na tatu.

“Ni kweli. Hii bluu ya kupauka ni nini, Mama?”

Kaswera angeweza kusema kwamba uzi ulikwisha. Jibu lilikuwa limefika kwenye ulimi. Alimtazama Siméon, na Siméon, kwa lile jicho moja zima, alikuwa anamtazama yeye.

“Ile ni swali ya Siméon, mon capitaine. Miye nilishona tu.”

“Haya. Siméon. Mvula gani ilinyesha kwa Rughenda, siku ya jua?”

Karani aliinua kalamu.

“Mvula ni nyiye,” alisema Siméon.

“Rudia.”

“Ni nyiye, basoda. Munapandaka na camion, munatosha batu inje, munabeba avion siku tatu, siku ine. Mama moja alikufa kwa majani akiingojea. Pilote akiniuliza, naangalia barabara. Nikiona camion, nasema mvula iko.”

Mmoja wa askari alimshika Siméon ukosi wa shati. Kapteni alimwonyesha kwa mkono amwache.

“Na weye ulikuwa peke yako?”

“Miye peke.”

Kapteni alitazama kitambaa. Miraba mitano iliyopauka ilikuwa ya siku ambazo Siméon hakuwa kazini, na zamu ziliandikwa kwenye daftari ile ile ambayo kapteni angetuma watu wakaisome. Kaswera aliangalia ukuta. Kapteni alipenga kamasi kwa muda mrefu.

“Nisikilize muzuri,” alisema mwishowe, na sasa alikuwa anaongea na Siméon tu. “Nikiandika kwamba ulikosea hali ya hewa, unaenda nyumbani leo. Mais opérateur asiyejua mvula, daftari yake hapana kazi. Inaanguka, na huyu Ézéchias naye anaenda nyumbani. Nikiandika vile ulisema, daftari inasimama. Ulidanganya kitu moja, na sababu yake inajulikana. Ézéchias anabaki hapa, na atajibu juu ya bale saba. Na weye unabaki pia. Kunyima jeshi avion wakati ya vita, ni mwaka moja. Sina uwezo ya kuipunguza.”

Ézéchias alisema, kwa upole kabisa, “Siméon, ndugu yangu, uko na batoto.”

Siméon alifikiri. Hakufikiri kwa muda mrefu, lakini Kaswera, ambaye alikuwa amesubiri maungamo ya watu wengi, hakuwahi kuona muda ukipita vibaya namna ile. Alitamani aseme hali ya hewa. Alitamani hivyo kwa moyo wote, na alijua ni aibu kwa mpelelezi.

“Bale saba, majina yao niliandika miye kwa manifeste ya abiria, ile Lundi ya tarehe kumi na tatu,” alisema Siméon. “Nilibaambia bangoje kesho. Andika vile nilisema.”

Kapteni alimtikisia karani kichwa. Karani akaandika. Askari wakamwacha Siméon, wakaenda kusimama pande mbili za kiti cha Ézéchias.

*

Gracieuse alikuwa nje, chini ya ukuta wa ofisi, mfuko wake miguuni. Alipomwona Kaswera akitoka alisimama, lakini hakumkimbilia. Kaswera alimwendea, akamwambia yote kwa maneno machache, kwa sababu habari ya namna hiyo haifai kupambwa.

“Hawatamuua?”

“Hawatamuua. Mwaka moja.”

“Na ni yeye alichagua?”

“Ni yeye.”

Machozi yalimtoka Gracieuse, akayaacha yashuke. Kaswera alingoja lawama. Alikuwa tayari kuipokea, na aliona ni haki yake kuipata.

“Kwa prison ya Beni,” aliuliza Gracieuse, “banakulaka saa ngapi?”

“Mwenye batu yake anakula saa sita. Asiye na batu, hapana kula.”

Gracieuse alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaangalia kivuli cha ukuta kilivyobaki kabla ya saa sita, akainua mfuko wake, akauliza soko liko upande gani.